Praima ya macho: je, inasaidia rangi kudumu kwenye joto na vumbi la Kongwa?

Msikilizaji wetu mmoja wa Mlali, dada anayepamba maharusi, alitutumia ujumbe wa sauti kwenye simu ya studio. Alisema hivi: "Dada mtangazaji, naomba mniulizie. Nikimpamba bibi harusi saa 12 asubuhi, ikifika saa 6 anatoka kanisani rangi ya macho imeshajikunja na kuwa mistari. Wateja wananilaumu mimi. Wenzangu wa mjini wanasema nitumie praima. Ni kitu gani hicho, na je, kinafaa huku kwetu?"

Tuliucheza ujumbe huo hewani asubuhi, na kabla kipindi hakijaisha simu ilikuwa imejaa. Kumbe swali si la dada huyo peke yake. Baada ya mavuno ndipo harusi, kipaimara na sendofu huwa nyingi wilayani kwetu, na ndicho kipindi hichohicho cha upepo na vumbi.

Mimi mwenyewe sikuwa nimewahi kutumia praima ya macho, kwa hiyo sikutaka kujibu kwa kubahatisha. Nilinunua kichupa kidogo Dodoma mjini kwa shilingi 12,000, nikakitumia siku tatu tofauti na kuandika kila nilichokiona. Makala hii inaeleza praima ni nini, inafanyaje kazi, ilinifaa wapi na haikunifaa wapi. Pia inaeleza jambo la usafi wa macho ambalo sisi watu wa Kongwa tuna sababu ya kulizingatia kuliko wengi.

Praima ni nini?

Kama umewahi kujenga au kukarabati nyumba, neno hili unalijua. Fundi rangi hapaki rangi ya mwisho moja kwa moja juu ya plasta. Kwanza anapaka praima, ambayo ni rangi ya chini inayoziba vitundu na kuushika ukuta, ndipo rangi ya juu ipate mahali pa kukaa. Akiruka hatua hiyo, rangi inanywewa na ukuta au inabanduka mapema.

Praima ya macho inafanya kazi ya namna hiyo. Ni krimu nyepesi inayopakwa juu ya kope, ile ngozi inayofunika jicho, kabla ya kupaka rangi ya macho, ambayo wengine huiita aishado. Haipakwi ndani ya jicho, wala haipakwi juu ya rangi. Inakaa katikati ya ngozi na rangi.

Usiichanganye na praima ya uso mzima. Ile hutengenezwa kwa ajili ya mashavu na paji la uso, na nyingine huwa na viambato vinavyowasha vikiingia machoni. Chukua iliyoandikwa wazi kuwa ni ya macho.

Kwa nini rangi ya macho haidumu?

Tuanze na rangi yenyewe. Rangi ya macho ya unga ni madini yaliyosagwa laini sana. Mara nyingi huwa na talki, ambayo huteleza. Huwa na maika, ile inayong'aa, ambayo hata hapa Tanzania iliwahi kuchimbwa katika milima ya Uluguru. Rangi nyekundu, kahawia na njano hutokana na oksaidi za chuma, na oksaidi hizo ndizo pia zinazoupa udongo wetu wa Kongwa wekundu wake. Ungaunga huo hushikiliwa na mafuta au nta kidogo tu. Kwa hiyo hata kabla hujatoka nyumbani, haujashika sana.

Sasa uweke unga huo juu ya kope. Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi nyingine zote za mwili, na inatembea muda wote. Mtu mzima hupepesa macho takriban mara 15 kwa dakika. Ukiwa macho kwa saa 16, hiyo ni zaidi ya mara 14,000 kwa siku. Kila mara kope inajikunja mahali palepale, na unga unasukumwa kuelekea kwenye mkunjo. Ile mistari aliyoisema dada wa Mlali inaanzia hapo.

Jambo la pili ni mafuta. Kope ina tezi za mafuta kwenye ngozi, na kwenye ukingo wake, pale nywele zinapoota, kuna safu ya tezi nyingine zinazotoa mafuta ya kulinda machozi yasikauke haraka. Mafuta hayo ni ya lazima kwa afya ya jicho, lakini yakikutana na unga wa rangi yanaulowesha. Ndiyo maana rangi iliyokuwa angavu asubuhi huonekana imefifia mchana.

Tatu ni jasho. Sherehe zetu si za kukaa kimya. Ngoma ikianza na akina mama wakaingia uwanjani, jasho haliulizi nani amepambwa kwa shilingi ngapi.

Nne ni vumbi. Linatua juu ya rangi, linachanganyika na mafuta, kisha mtu anajifuta kwa kiganja au kwa kona ya kanga. Akijifuta mara moja tu, kazi ya saa nzima imekwenda.

Ndani ya praima kuna nini?

Ukisoma nyuma ya kichupa utakuta maneno marefu, lakini kazi zake unaweza kuzigawa katika makundi manne.

Kundi la kwanza ni silikoni. Hizi hulainisha ngozi na kuacha utando mwembamba usiopenda maji, hivyo jasho halipenyi kirahisi. Kundi la pili ni vimiminika vinavyoruka hewani kama spiriti. Kazi yake ni kusambaza praima vizuri, kisha vinaondoka na kuuacha ule utando peke yake. Kundi la tatu ni nta, zinazoipa rangi mahali pa kunata. Kundi la nne ni unga wa kunyonya mafuta, kama silika au aina fulani za udongo mweupe.

Praima nyingi pia huwa na rangi kidogo inayofanana na ngozi, ili kope iwe na rangi moja. Hilo lina faida kwetu wenye kope nyeusi kuliko uso, kwa sababu rangi ya juu inaonekana jinsi ilivyo kwenye kiboksi.

Likumbuke lile kundi la pili, la vimiminika vinavyoruka. Ndilo lililoniharibia siku yangu ya pili, kama nitakavyoeleza.

Siku tatu za majaribio

Nilitumia njia rahisi ambayo hata wewe unaweza kuitumia kabla ya kumpaka mteja. Jicho la kushoto nililipaka praima, la kulia sikulipaka. Rangi ya juu ilikuwa moja, ya kahawia, kwa macho yote mawili. Hivyo joto lilikuwa lilelile na jasho lilelile, tofauti ikawa praima tu.

Siku ya kwanza ilikuwa siku ya kawaida ya studio. Nilijipaka saa 12 asubuhi. Saa 4 nilipotoka hewani nilijitazama kwenye kioo cha simu. Jicho la kulia lilikuwa limeshaanza kuchora mstari kwenye mkunjo, la kushoto lilikuwa safi. Saa 7 mchana, baada ya kula, jicho la kulia lilikuwa limebaki na rangi kama nusu. Saa 11 jioni upande wa kulia palibaki kivuli tu. Upande wa kushoto rangi ilikuwepo, ila kulikuwa na mstari mwembamba kwenye kona ya nje. Fundi mitambo wetu, ambaye sikumwambia lolote, aliniuliza, "Dada, leo umegombana na jicho moja?"

Siku ya pili nilikwenda Kibaigwa sokoni kufuata habari za bei ya mahindi. Nilipanda bodaboda, upepo ulikuwa mkali, na malori yalikuwa yanatimua vumbi. Siku hiyo nilikuwa na haraka. Nilipaka praima nyingi, na bila kusubiri nikaweka rangi juu yake. Matokeo yalikuwa mabaya. Kwa sababu vile vimiminika havikuwa vimekauka, rangi ilishika kwa mabaka, sehemu moja nyeusi na nyingine nyepesi. Vumbi nalo lilinata kwenye ule unyevunyevu. Nilipofika sokoni jicho la kushoto lilikuwa na uzito kama lina mchanga, na jicho la kulia, lisilo na praima, lilikuwa na nafuu. Kosa lilikuwa langu. Nilijifunza kwamba praima nyingi haimaanishi rangi kudumu zaidi.

Siku ya tatu nilikwenda kwenye harusi ya ndugu. Safari hii jicho la kushoto nililipaka praima kidogo, nikasubiri ikauke. Jicho la kulia nililipaka konsila, ile krimu ya kufunika madoa, kidogo sana, kisha poda juu yake. Nilitaka kujua kama mtu asiye na praima anaweza kutumia alichonacho. Tulianza saa 1 asubuhi. Mpaka saa 6 mchana macho yote mawili yalikuwa sawa. Saa 9 alasiri upande wa konsila ulianza mistari. Upande wa praima ulifika saa 2 usiku, baada ya kucheza, kula na kulia kidogo wakati mama wa bibi harusi alipokuwa akitoa nasaha.

Kwa hiyo jibu fupi ni kwamba praima inafanya kazi, ila ipakwe inavyotakiwa. Kwa shughuli ya nusu siku, konsila na poda zinatosha. Kwa siku nzima yenye jasho na machozi, praima ina tofauti inayoonekana.

Jinsi ya kuipaka

1. Nawa mikono na uso kwa sabuni na maji, kisha kausha. Kope isiwe na mafuta ya kujipaka. Mafuta ya mgando chini ya praima yanaitelezesha.

2. Toa praima kiasi cha punje moja ya uwele kwa kila jicho. Ndiyo, punje ya uwele. Ikizidi hapo itajikunja.

3. Isambaze kwa kidole safi cha kati au kwa kijiti cha pamba, kuanzia karibu na nywele za kope kwenda juu. Usiingize kwenye ukingo wa ndani wa jicho, pale penye unyevu. Hapo ndipo tezi za mafuta zinapofungukia, na hazipaswi kuzibwa.

4. Subiri dakika moja, macho yakiwa yamefungwa nusu. Usipulize kwa mdomo. Ukigusa na kidole kisinate, iko tayari.

5. Weka rangi kwa kugandamiza taratibu badala ya kusugua. Kusugua kunaivuta praima.

Kama ngozi yako ni ya kuwashwa haraka, jaribu kwanza kidogo ndani ya kiwiko au nyuma ya sikio, na uache siku moja hadi mbili. Ukiona upele au uvimbe, usiipeleke machoni. Bibi harusi ajaribiwe wiki moja kabla. Asubuhi ya harusi si wakati wa kujua kama kitu kinamdhuru.

Vitu visivyofaa kuwa mbadala wa praima

Kwenye ujumbe wenu mlinitajia mbinu nyingi. Baadhi ni za hatari, na nitazisema waziwazi.

Spirei ya nywele isipulizwe machoni wala juu ya kope. Ndani yake mna pombe na gundi za kushika nywele, na zinaunguza jicho. Gundi ya kope za bandia ni ya ukingo tu, haifai kupakwa kope nzima.

Mkorogo na krimu za kung'arisha usizipake karibu na macho kabisa. Nyingine zina zebaki au haidrokwinoni, ambazo zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa Tanzania. Nyingine zina steroidi, na steroidi ikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu inaweza kupandisha shinikizo ndani ya jicho na kuharibu uwezo wa kuona.

Piko na rangi za nywele zisipakwe kwenye nyusi wala kope. Kuna historia ya kusikitisha hapa. Mwaka 1933 nchini Marekani iliuzwa rangi ya kupaka kope na nyusi iliyoitwa Lash Lure. Ndani yake mlikuwa na kemikali ya jamii ileile inayotumika katika rangi nyingi nyeusi za nywele. Wanawake kadhaa waliumia vibaya macho, wakiwemo waliopofuka, na mmoja alifariki. Mkasa huo ulikuwa mmoja wa mambo yaliyosukuma Marekani kutunga sheria ya kusimamia vipodozi mwaka 1938. Hao walikuwa wamekwenda saluni kupendeza tu, kama sisi.

Wanja wa manga nao una tahadhari yake. Tangu enzi za Misri ya kale watu wamesaga jiwe jeusi linalong'aa na kulipaka machoni, na jiwe hilo mara nyingi ni madini ya risasi. Si kila wanja una risasi, lakini kwa macho huwezi kuutambua ulio nayo. Risasi huingia mwilini na kudhuru hasa ubongo wa mtoto anayekua. Mama, kama una kichanga nyumbani, wanja ambao hujui umetengenezwa kwa nini usiuweke machoni mwake wala kwenye nyusi. Mtoto anajipangusa na kulamba vidole.

Kwa nini Kongwa tuwe waangalifu zaidi

Kwenye ile harusi ya siku ya tatu niliona jambo lililonifanya niandike sehemu hii. Chumba cha kupambia kilikuwa na bibi harusi, mpambe wake na wasichana watano. Brashi ya macho ilikuwa moja. Ilikwenda jicho hadi jicho, mtu hadi mtu. Kalamu ya wanja ilipokauka, mmoja aliilowesha kwa mate. Msichana wa mwisho alikuwa na tongotongo kwenye jicho moja, na hakuna aliyejali, nami nilichelewa kusema.

Nilimkumbuka bibi yangu. Alikuwa na kibano kidogo cha chuma alichokifunga kwenye kona ya kanga. Sisi leo kibano tunakitumia kuchonga nyusi. Yeye alikitumia kung'oa nywele za kope zilizokuwa zimegeuka kuelekea ndani na kumkwaruza jicho kila alipopepesa. Ulikuwa ugonjwa wa vikope, yaani trakoma.

Vikope huletwa na bakteria. Mtoto huambukizwa tena na tena akiwa mdogo. Upande wa ndani wa kope unapata makovu, na kadiri miaka inavyopita makovu yanaivuta kope igeuke ndani. Nywele zinakwaruza kioo cha jicho mpaka kinakuwa cheupe, na mtu anapofuka. Wanawake hufikia hatua hiyo zaidi kuliko wanaume, kwa sababu ndio wanaokaa karibu na watoto wadogo.

Wilaya yetu inajulikana duniani kwa ugonjwa huu. Tangu miaka ya 1980 watafiti, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wamefanya kazi na vijiji vya Kongwa kutafuta namna ya kuuzuia. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 1995 katika jarida la kitabibu la The Lancet ulifanyika katika vijiji vyetu, na uliangalia jambo dogo sana, yaani kuwaosha watoto uso. Watoto waliodumu kuwa na uso safi walikuwa na vikope vikali kwa kiasi kidogo zaidi. Hii leo mkakati wa dunia dhidi ya vikope una nguzo nne: upasuaji wa kope zilizogeuka, dawa, kuosha uso, na mazingira safi. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kugawiwa bure dawa ya azithromycin kwa ajili hiyo, kuanzia mwaka 1999. Wengi wetu tumewahi kuimeza kwenye zoezi la kijiji.

Nieleweke vizuri. Sisemi rangi ya macho au praima inaleta vikope. Vikope huenezwa zaidi na mikono, nguo za kujifutia na nzi wanaotua kwenye tongotongo. Lakini brashi moja inayopita kwenye macho ya watu saba inafanya kazi ileile ya nzi. Inabeba majimaji ya jicho moja na kuyapeleka jingine. Na vikope si ugonjwa pekee unaosafiri hivyo. Januari 2024 Wizara ya Afya ilitangaza mlipuko wa macho mekundu nchini, nao ulienea kwa kugusana na kushirikiana vitu.

Praima inaongeza jambo moja hapa. Kwa kuwa imetengenezwa idumu, chochote kilichoingia nayo kitakaa machoni kutwa nzima. Kwa hiyo dada zangu mnaopamba, nawaomba mambo haya:

Usichovye kidole kwenye kichupa cha praima. Toa kiasi kwa kijiti kisafi, weka kwenye kisahani, na tumia hicho tu kwa mteja huyo.

Tumia kijiti cha pamba kipya kwa kila mteja, na ikiwezekana kwa kila jicho. Pakiti yake ni ya bei ndogo kuliko kumpoteza mteja.

Kalamu ya wanja ichongwe na kufutwa kwa spiriti kabla ya mtu mwingine, kisha iachwe ikauke. Mate hapana.

Brashi zioshwe kwa sabuni na zikaushwe kabisa kila baada ya kazi. Brashi yenye unyevu ni makazi ya vijidudu.

Mtu mwenye jicho jekundu au tongotongo asipakwe macho, hata kama ni bibi harusi. Mpambe uso na midomo, na mwelekeze zahanati. Ni vigumu kumwambia mtu hivyo siku yake ya furaha, najua. Mwambie kwa upole, lakini mwambie.

Kuitoa usiku

Usiku wa siku ya kwanza nilifanya kosa ambalo wengi hulifanya. Nilinawa kwa maji na sabuni, nikaona haitoki, nikasugua. Asubuhi niliamka na macho mekundu na kope zimevimba. Utando wa silikoni haupendi maji, kwa hiyo maji peke yake hayautoi. Unahitaji mafuta kwanza.

Chukua mafuta ya mgando kidogo kwenye pamba au kitambaa safi. Fumba jicho, weka juu ya kope, hesabu mpaka 30, kisha vuta taratibu kutoka juu kwenda chini. Rangi itatoka yenyewe. Baada ya hapo nawa kwa sabuni na maji. Huhitaji ndoo nzima, kikombe kimoja cha maji safi kinatosha kunawa uso. Kila mtu awe na kitambaa chake.

Usilale na rangi wala praima, hata ukirudi usiku wa manane. Usiku ndipo inapokauka na kudondokea ndani ya jicho.

Kabla hujanunua

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kichupa kiwe na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato, na tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Tazama pia alama ya kopo lililofunguliwa lenye namba ndani yake. Likiandikwa 12M, maana yake ni miezi 12 tangu siku ya kukifungua. Andika tarehe hiyo kwa kalamu chini ya kichupa. Kikibadilika harufu au kikatengana maji na mafuta, kitupe. Usinunue kilichofunguliwa wala kilichokaa juani mnadani siku nzima.

Kwa dada yetu wa Mlali

Dada, nunua praima. Chupa moja ikitumika kwa kipimo cha punje ya uwele itapamba maharusi wengi, na lawama za mistari zitapungua. Lakini kabla ya praima, nunua pakiti ya vijiti vya pamba na chupa ndogo ya spiriti. Rangi ikitoka saa 6, bibi harusi atakasirika siku moja. Jicho likiambukizwa, hakuna atakayekumbuka rangi ilikuwa nzuri kiasi gani.

Na wewe msikilizaji, kama nyumbani kwenu kuna mama au bibi anayeng'oa kope kwa kibano, usidhani ni mazoea ya uzee. Mpeleke kituo cha afya au Hospitali ya Wilaya akaangaliwe. Kope zilizogeuka zinafanyiwa upasuaji mdogo, na mtu anarudi nyumbani.

Ukijaribu njia ya jicho moja kwa moja kama nilivyofanya mimi, tutumie ujumbe wa sauti utueleze ilidumu mpaka saa ngapi. Tutazisoma na kuzicheza kwenye kipindi cha asubuhi.